Ukiinua Pikapu, Nyoosha na Magurudumu Yake

Hotuba kwa madereva, mafundi wa gereji na wafanyabiashara wa Mutukula



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumza juu ya magendo, wizi wa mifugo na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo tumeomba nafasi ya kuzungumza jambo ambalo kwa macho ya wengi ni la gereji, si la polisi. Tunataka kuzungumza juu ya pikapu zilizoinuliwa, na juu ya kazi moja ambayo aghalabu haifanywi baada ya kuziinua: kunyoosha magurudumu, au kama mafundi wanavyosema, kupiga alaimenti.

Tuseme mapema ili pasiwe na shaka. Hatukuja kuwakataza kuinua magari yenu. Tunazijua barabara za udongo zinazoteremka kuelekea Mto Kagera na mialo ya Ziwa Viktoria. Tunajua hali yake mvua za masika zinapoanza, na tunajua kwamba pikapu yenye tumbo la chini hukwama matopeni ikiwa na samaki ambao hawawezi kungoja hadi kesho. Mwenye Hilux, L200, D-Max au Land Cruiser anayeiongezea kimo kwa sentimita 5 hafanyi anasa. Anatafuta kufikisha mzigo. Tunachosema ni kwamba kuinua gari ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayolinda roho za watu.

Tulichokiona barabarani

Katika ukaguzi wa kawaida tulisimamisha pikapu moja iliyokuwa imebeba ndizi, na juu ya ndizi walikaa wanawake wanne na mtoto mmoja. Dereva alikuwa mtu makini. Stakabadhi zake zilikuwa kamili, na tairi zake za mbele, ukizitazama ukiwa umesimama kando ya gari, zilikuwa na kashata nzuri. Tulimwomba azungushe usukani hadi mwisho. Hapo ndipo upande wa ndani wa tairi ulipojitokeza: mpira ulikuwa umelika wote, na nyaya za chuma zilikuwa zinachungulia.

Yule dereva alishangaa kuliko sisi. Alituambia tairi zile zilikuwa na miezi mitatu tu. Tulipomwuliza zaidi, alisema kwamba gari liliinuliwa wakati uleule tairi ziliponunuliwa, na fundi alimwambia magurudumu yatajinyoosha yenyewe kadiri gari litakavyotembea.

Ndugu zetu, magurudumu hayajinyooshi. Kinachojirekebisha ni tairi, nalo hujirekebisha kwa kulika hadi lipasuke. Tairi la mbele likipasuka kwenye lami, katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani huvutwa ghafla upande mmoja. Gari lililoinuliwa, ambalo uzito wake umekaa juu kuliko lilivyoundwa, hupinduka kwa urahisi zaidi. Waliokaa juu ya mzigo hawana mkanda, hawana paa, na hawana pa kushika. Ndiyo maana jambo hili limekuwa letu.

Kwa nini kuinua huharibu mnyoofu

Mafundi hutaja vipimo vitatu: too, kemba na kasta. Tuvieleze kwa lugha ya kila siku.

Too ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya mbele yakitazamwa kutoka juu. Simama wima utazame miguu yako. Vidole vikitazamana, hiyo ni too ya ndani. Vikiachana, ni too ya nje. Magurudumu yanapaswa kutazama mbele karibu sawasawa, kwa tofauti ya milimita chache ambayo mtengenezaji ameiweka. Kosa dogo hapa lina gharama kubwa. Chukueni tairi lenye kimo cha milimita 750. Ikiwa kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma ya tairi hizo mbili pana kosa la milimita 6, basi kila tairi huburutwa upande kwa mita 4 katika kila kilomita 1 ya safari. Katika kilomita 1,000, tairi hilo limeburutwa kilomita 4 juu ya lami kama kifutio juu ya karatasi. Msishangae basi kwamba linaisha.

Kemba ni kuegemea kwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari. Gurudumu linaweza kuegemea ndani au nje kwa upande wa juu. Likiegemea kupita kiasi, upande mmoja wa tairi hubeba uzito wote na kulika peke yake.

Kasta ni ngumu kidogo kuieleza, lakini kila mwendesha bodaboda anaijua bila kujua jina lake. Tazameni uma wa mbele wa pikipiki: haukusimama wima, umelala nyuma kidogo. Kulala huko ndiko kunakofanya gurudumu lipende kwenda mbele na usukani urudi katikati baada ya kona. Gari nalo lina mlalo wa namna hiyo. Mlalo ukipungua, usukani huwa mwepesi kwa namna isiyofaa. Gari hutangatanga barabarani, na dereva hulazimika kulisahihisha kila mara kama anayechunga mbuzi mkaidi. Baada ya saa tatu za safari, dereva huyo amechoka mara mbili.

Sasa, kuinua kunaingiaje hapa? Pikapu nyingi za siku hizi zina springi za mviringo mbele, na kila gurudumu limeshikwa na mkono wa juu na mkono wa chini. Ukiweka springi ndefu, au ukichomeka kipande cha chuma juu ya springi, mwili wa gari hupanda, na mikono ile huinama kuliko ilivyokusudiwa. Tairodi, ambazo huunganisha usukani na magurudumu, nazo hubadilika pembe. Kwa hiyo too, kemba na kasta zote huhama kwa pamoja, hata kama fundi hakugusa skrubu yoyote ya alaimenti. Pikapu za zamani zenye vyuma vya msokoto badala ya springi hupata mabadiliko hayohayo fundi akikaza tu boliti za vyuma hivyo.

Kwa wenye Land Cruiser za ekseli nzima mbele na springi za mviringo, kemba haibadiliki sana, kwa kuwa magurudumu yameshikwa na ekseli moja. Lakini kasta hupungua. Ekseli ile imeshikwa na mikono mirefu inayokwenda nyuma hadi kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono huinama, na ekseli huzunguka pamoja nayo. Hesabu yake ni nyepesi: mkono wa urefu wa mita 1, ncha yake moja ikipandishwa sentimita 5, hugeuka kwa karibu digrii 3. Gari la namna hiyo huundwa likiwa na kasta ya digrii chache tu, kwa hiyo kinachobaki kinaweza kuwa karibu na bure. Tena, chuma cha kulalia kinachozuia ekseli isiende kando huivuta ekseli upande mmoja, ikawa haiko tena katikati ya gari.

Kazi ifanywe kwa utaratibu gani

Kwanza, kagueni vilivyochakaa kabla ya kuinua. Bolijointi zilizolegea, bushi zilizokatika, tairodi zenye mchezo na beringi za magurudumu zinazocheza hazinyoosheki. Fundi atapima leo, na kesho kipimo kitakuwa kingine. Alaimenti juu ya viungo vibovu ni pesa iliyotupwa.

Pili, fundi akifunga springi mpya, asikaze kabisa boliti za bushi za mikono wakati magurudumu yananing'inia hewani. Azikaze gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Asipofanya hivyo, mpira wa bushi hubaki umesokotwa daima, hupasuka mapema, na hulivuta gari mahali lisipotaka kukaa.

Tatu, pimeni kimo cha gari kila upande, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kushoto na kulia vikitofautiana sana, kuna springi iliyokaa vibaya, na mtambo wa alaimenti hautaponya kosa hilo.

Nne, alaimenti ipigwe mara tu baada ya kuinua, wala isingojwe hadi tairi zionyeshe dalili. Springi mpya hushuka kidogo zinapozoea uzito, kwa hiyo rudini mkapime tena baada ya kilomita mia chache. Pelekeni gari likiwa na upepo sawa katika tairi zote, na likiwa katika hali mnayolitumia kwa kawaida. Kama masanduku ya vifaa hukaa nyuma siku zote, yaacheni humo.

Tano, pimeni magurudumu manne, si mawili. Pikapu nyingi zina springi za mabamba nyuma, na anayeinua huweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Boliti ya katikati isipoingia vizuri katika tundu lake, ekseli ya nyuma hukaa mshazari. Gari la namna hiyo hutembea upandeupande kama kaa wa pwani: usukani umepinda mkononi mwa dereva ilhali gari linakwenda mbele.

Sita, ombeni karatasi ya vipimo, vya kabla na vya baada. Mtambo wa kisasa huichapa. Karatasi hiyo ni ushahidi wenu mkiwa na ugomvi na fundi, na ni kumbukumbu yenu mtakaporudi. Fundi asemaye kwamba hana haja ya karatasi kwa kuwa ana jicho zuri, mshukuruni kwa jicho lake kisha mtafute mwingine.

Lipo jambo moja ambalo fundi mwaminifu atawaambia ingawa halipendezi. Sehemu za kurekebishia zina mwisho. Gari likiinuliwa kupita kiasi, boliti za alaimenti hugota kabla kipimo hakijafika mahali pake. Wenye uzoefu huona kwamba katika pikapu nyingi, ukipita sentimita 5, huenda ukahitaji mikono ya juu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa, au bushi maalumu za kurudisha kasta. Asiye na uwezo wa kununua vifaa hivyo na apunguze kimo. Gari linalokwama matopeni litavutwa na majirani. Lililopinduka halina wa kulivuta ila sisi, na tukifika mara nyingi tumechelewa.

Pasipo na mtambo

Tunajua mtawauliza mafundi wetu, na watawajibu kwamba mtambo wa alaimenti hutafutwa mjini, kama Masaka au Bukoba. Hiyo ni kweli, na si haki kumwambia mtu aendeshe gari lililopinda safari yote hiyo. Kwa hiyo tunaeleza njia ya muda, ya kupima too kwa utepe wa kupimia, ili mfike mjini salama.

Simamisheni gari mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Lisukumeni mbele kidogo ili viungo vitulie. Nyuma ya kila tairi la mbele, katika kimo cha katikati ya gurudumu, wekeni alama ya chaki katikati ya tairi. Pimeni umbali kati ya alama hizo mbili. Kisha lisukumeni gari mbele hadi alama zilezile zifike upande wa mbele wa tairi, katika kimo kilekile, na mpime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo too. Kipimo cha mbele kikiwa kidogo, magurudumu yanatazama ndani. Kikiwa kikubwa, yanatazama nje. Fundi atarekebisha tairodi za kulia na kushoto kwa kiasi sawa hadi tofauti ifike pale kitabu cha gari kinapotaka. Njia hii haipimi kemba wala kasta, wala haichukui nafasi ya mtambo. Ni daraja la kuvukia tu.

Dalili ambazo kila dereva anaweza kuzitambua

Kila Jumamosi, zungusheni usukani hadi mwisho, kisha mchungulie upande wa ndani wa tairi. Pitisheni kiganja juu ya kashata, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, too imehama. Angalieni kama usukani hurudi wenyewe baada ya kona, na kama umenyooka gari likienda mbele.

Hapa tunawakumbusha jambo linalowahusu watu wa mpakani hasa. Barabara za lami hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji yatiririke kando. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa linaweza kusogea kidogo kushoto. Anayevuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo huendesha kulia, na gari lilelile husogea kulia. Huo ni mteremko wa barabara. Gari linalovuta upande mmoja popote liendapo, ndilo lenye ugonjwa.

Mambo mengine yanayoambatana na kuinua

Taa za mbele zikipanda na gari, mwanga wake huingia machoni mwa anayekuja. Zishusheni siku ileile. Mipira ya breki ikaguliwe kama inatosha urefu magurudumu yanaposhuka mwisho. Baadhi ya pikapu zina vali nyuma inayopima uzito wa mzigo kwa kutazama umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukiinua nyuma, vali hiyo hudhani gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata ukiwa na tani ya mahindi. Fundi airekebishe. Na aliyeweka tairi kubwa zaidi ajue kwamba kipima mwendo chake hudanganya: tairi likizidi kimo kwa asilimia 6, kipimo kikisema 50, gari linakwenda 53. Watoto wa shule wanaovuka barabara hawajui habari za tairi yako.

Mwisho, bima. Kabla ya kuinua, waarifuni wenye bima yenu na mpate jibu lao kwa maandishi, hasa ninyi mnaovuka kwa kadi ya manjano ya COMESA. Ajali ikishatokea si wakati mzuri wa kuanza mazungumzo hayo.

Ahadi yetu

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haituruhusu kuliacha gari lenye ubovu wa hatari liendelee na safari. Lakini hatuna mtambo wa kupima digrii kando ya barabara, na hatutajifanya tunao. Tutakachokitazama ni tairi, viungo vinavyocheza, taa na breki. Mkiwa na karatasi ya alaimenti, tuonyesheni. Itatusaidia sisi na ninyi. Ikiwa kuna adhabu, hulipwa kwa njia rasmi na kwa stakabadhi. Askari atakayetaka kitu mkononi, mje mtuambie kituoni, na jina lenu litahifadhiwa.

Nanyi mafundi, tunawaomba neno moja. Mnapopokea pikapu ya kuinua, mwambieni mwenyewe bei ya kazi yote, pamoja na alaimenti, siku ya kwanza. Akipata bei nusu, atafanya nusu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya kunyoosha magurudumu ni ndogo kuliko ya tairi mbili mpya, na akina mama wanaopanda juu ya ndizi alfajiri kwenda sokoni hawana namna ya kuchungulia upande wa ndani wa tairi. Wanawaamini ninyi kwamba mlikwisha kuchungulia.

 Sasa tuko tayari kwa maswali yenu, na fundi aliyekuja nasi ataonyesha kipimo cha chaki kwa gari la yeyote atakayejitolea.